Kimarwari na Kiuzbeki: damu mbali, sentensi karibu

Andika siku za juma za Kiuzbeki kwenye karatasi: shanba, yakshanba, dushanba, seshanba, chorshanba, payshanba, juma. Pembeni andika namba za Kimarwari, moja hadi tano: ek, do, tīn, chyār, pā̃ch. Yak na ek, du na do, chor na chyār, pay na pā̃ch. Anayetazama karatasi hiyo peke yake ataapa kwamba lugha hizi mbili zimezaliwa tumbo moja.

Hazikuzaliwa tumbo moja. Namba za Kiuzbeki chenyewe ni bir, ikki, uch, toʻrt, besh, na ndugu zake ni Kiuyghuri, Kikazaki na Kituruki cha Istanbul. Siku za juma Kiuzbeki kilizichukua kutoka Kiajemi, na Kiajemi ndicho binamu wa Kimarwari, kwa kuwa vyote viwili ni vya familia ya Kihindi-Kiulaya. Basi kufanana kule ni kwa Kiajemi na Kimarwari. Kiuzbeki kimevaa tu nguo ya kuazima.

Msemaji wa Kiswahili analo jambo hili nyumbani kwake. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane ni za Kibantu. Hakuna anayejua sarufi ya Kiswahili atakayesema kwamba kwa sababu ya namba tatu Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu, ingawa maneno hayo yamesemwa na watu wengi kwa miaka mingi, na bado yanasemwa. Ukoo wa lugha hutafutwa kwenye viambishi, kwenye viungo vya mwili, kwenye namna kitenzi kinavyojengwa. Jicho ni koʻz kwa Kiuzbeki, göz kwa Kituruki; kwa Kimarwari ni ā̃kh, na kwa Kihindi ā̃kh vilevile. Mkono ni qoʻl huku, hāth kule. Maji ni suv huku, pāṇī kule. Hapo hakuna cha kuunganisha.

Tukiwa bado kwenye juma, ipo hatari moja kwa mfasiri. Kiswahili huhesabu Jumamosi kuwa ya kwanza, ndiyo maana inayofuata ni Jumapili. Hesabu ya Kiajemi iliyomo ndani ya Kiuzbeki huanza baada ya Jumamosi: shanba haina namba, yakshanba ni ya kwanza, dushanba ni ya pili. Kwa hiyo dushanba, "ya pili", ni Jumatatu. Anayefasiri kwa namba ataweka mkutano siku moja kabla. Lugha zote mbili hukatiza hesabu kwa ajili ya siku ya sala: wao juma, sisi Ijumaa. Kimarwari hakihesabu kabisa. Siku zake ni za mianga ya mbinguni: somvār ni siku ya mwezi, mangaḷvār ni siku ya Mirihi, dītvār ni siku ya jua.

Kuhusu maandishi ya Kimarwari humu: mstari juu ya irabu ni kuirefusha, nukta chini ya herufi ni kukunja ncha ya ulimi kuelekea nyuma, na kiwimbi juu ya irabu ni kuitoa kwa puani.

Zinasemwa wapi

Kimarwari ni lugha ya magharibi ya Rajasthan nchini India: Jodhpur, Bikaner, Nagaur, Pali, Barmer, Jaisalmer, Jalore, na kuvuka mpaka hadi Sindh, Pakistan. Sensa ya India ya mwaka 2011 iliandika takribani watu milioni 7.8 waliojitaja kuwa wasemaji wa Kimarwari, na wengine wengi wakajitaja kwa jina la jumla la Kirajasthani. Wote wakajumlishwa chini ya Kihindi. Kiuzbeki kina wasemaji zaidi ya milioni 30, wengi wakiwa Uzbekistan, na wengine Afghanistan, Tajikistan, Kyrgyzstan, Kazakhstan na Turkmenistan.

Tofauti inayouma zaidi ni ya hadhi. Kiuzbeki kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa sheria ya tarehe 21 Oktoba 1989, na tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka. Kirajasthani, ambacho Kimarwari ndicho tawi lake kubwa, hakimo kati ya lugha 22 za Jedwali la Nane la katiba ya India, orodha ya lugha zinazotambuliwa rasmi, ijapokuwa bunge la jimbo la Rajasthan lilipitisha azimio la kuomba kiingizwe tangu mwaka 2003. Si jambo la karatasi tu. Lugha isiyo na hadhi haina tahajia moja, na mtoto anayeisema darasani husahihishwa kama vile amekosea Kihindi.

Kwa mtu wa Mombasa au Unguja, njia ya karibu ya kukifikia Kimarwari ni Kigujarati, kinachosikika madukani kwa vizazi. Viwili hivi vilikuwa lugha moja hadi mwishoni mwa zama za kati. Vyote viwili humalizia nomino za kiume kwa -o, mahali ambapo Kihindi kina -ā: farasi ni ghoṛo kwa Kimarwari, ghoḍo kwa Kigujarati, ghoṛā kwa Kihindi. Vyote viwili pia vina "sisi" mbili. Kwa Kimarwari, āpā̃ ni sisi pamoja nawe ninayesema nawe. Mhe ni sisi bila wewe. Kiuzbeki kina biz moja tu, kama sisi yetu.

Mdomoni

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati kuliko anavyodhani. Wageni wengi huhangaika na b na d za Kimarwari, kwa sababu katika maeneo mengi husemwa kwa kuvuta hewa ndani kidogo, koromeo likishuka. Ndivyo Mswahili wa pwani anavyosema b ya "baba" na d ya "dada" bila kujua kwamba anafanya jambo lolote la ajabu. Na konsonanti zenye mpumuo, kh, th, ph, ambazo Kimarwari huzitumia kubadili maana ya neno, zimo katika Kimvita: paa la nyumba halina mpumuo, paa wa porini anao. Aliyelelewa na lahaja hiyo ana sikio tayari. Kigeni kweli kweli ni zile za ulimi uliokunjwa: ṭ, ḍ, ṇ, na hasa ḷ, ambayo Kihindi sanifu kimeipoteza. Ncha ya ulimi igeuke nyuma iguse kaakaa, si ufizi. Ukisema kāḷo (-eusi) kwa l ya kawaida, msikilizaji atakuelewa, lakini atajua umejifunzia Kihindi.

Kiuzbeki kinadai kazi nyingine. Herufi gʻ ni gh yetu ya "lugha" na "ghali", na x ni kh ya wale wanaotamka "kheri" kwa ukamilifu. Herufi q hutoka nyuma zaidi ya k, kwenye kidakatonge. Aliyesoma Kurani vizuri anayo. Kinachokosewa ni irabu. Herufi o ya Kiuzbeki si o yetu. Ni sauti ya mdomo wazi iliyo kati ya a na o, hivyo non (mkate) husikika karibu na "naan". O yetu ndiyo iliyo karibu na oʻ yao. Mswahili akisoma Kiuzbeki kama kilivyoandikwa, atavuruga maneno yote yenye o, nayo ni mengi. Irabu i nayo humezwa: bilan, "pamoja na", husikika karibu kama "blan".

Lugha nyingi za Kituruki hulazimisha irabu za kiambishi zifuate irabu za shina. Kiuzbeki sanifu kimeacha desturi hiyo. Wingi ni -lar daima, liwe neno gani. Sababu ni ujirani: miji ya Samarkand na Bukhara imeishi na Kitajiki, aina ya Kiajemi, karne nyingi, na sanifu iliyowekwa miaka ya 1930 ilifuata matamshi ya miji, hasa Tashkent, badala ya vijiji vilivyohifadhi mwafaka wa irabu. Kwa anayejifunza ni nafuu kubwa.

Shanga za Kiuzbeki, upatanisho wa Kimarwari

Chukua neno moja: yozolmadingizmi? Yoz ni andika, -ol- ni weza, -ma- ni ukanushi, -di- ni wakati uliopita, -ngiz ni nyinyi (au wewe wa heshima), -mi ni je. "Je, hamkuweza kuandika?" Kila kipande kina kazi yake, na unaweza kukikata kwa wembe bila kuumiza jirani yake. Kiswahili hufanya hivyo hivyo, ila sisi twafunga shanga mbele ya shina, wao nyuma. Uy-lar-imiz-da: nyumba, wingi, -etu, katika. Mwalimu anayefundisha Waswahili Kiuzbeki asipoteze muda kueleza maana ya kiambishi. Aseme tu kwamba treni ni ileile, kichwa kiko upande wa pili.

Kimarwari hakina shanga hizo. Nomino hubadilika kidogo mwishoni na kufuatwa na neno dogo: bajār maĩ, sokoni; bajār sū̃, kutoka sokoni. Kiuzbeki kitasema bozorda, bozordan, na bozorga kwa kuelekea. "Sokoni" yetu hubeba zote tatu na kuacha kitenzi kiamue. Ndiyo sababu Mswahili anayeanza Kiuzbeki hutumia -da kila mahali, akasema yuko ndani ya soko wakati anataka kusema anakwenda.

Lakini kwenye upatanisho, Kimarwari ndicho kilicho karibu nasi. Kāḷo ghoṛo, farasi dume mweusi. Kāḷī ghoṛī, farasi jike mweusi. Kāḷā ghoṛā, farasi weusi. Kivumishi hufuata nomino, kimilikishi hufuata (ro, rī, rā), kitenzi cha wakati uliopita hufuata, hata "huyu" hufuata: o ni huyu wa kiume, ā ni huyu wa kike. Jinsia mbili si ngeli zetu, lakini tabia ni moja: nomino hutawala sentensi nzima, kama "kitabu kikubwa kimeanguka". Kiuzbeki hakina habari hizo. Qora ot ni farasi mweusi, qora otlar ni farasi weusi, qora haijaguswa. U ni yeye, mume au mke, na hata kile kitu. Ukiweka namba, wingi unaondoka kabisa: beshta ot, farasi watano. Kosa la kila anayeanza ni beshta otlar.

Jambo moja la Kimarwari huwashangaza hata wanaojua Kihindi. Mhū̃ jāvū̃ hū̃, "nakwenda", haionyeshi kama msemaji ni mume au mke. Kwa Kihindi angelazimika kuchagua: jātā au jātī. Kimarwari kimehifadhi umbo la kale la wakati uliopo, linalobeba nafsi bila jinsia. Jinsia hurudi kwenye wakati uliopita: mhū̃ gayo kwa mwanamume, mhū̃ gayī kwa mwanamke.

Kitu kinachojulikana

"Nilisoma kitabu" na "nilikisoma kitabu" si sentensi moja. Ya pili inahusu kitabu ambacho mimi nawe twakijua. Kiuzbeki: kitob oʻqidim, nilisoma kitabu, kitobni oʻqidim, nilikisoma kile kitabu. Kiambishi -ni kinafanya kazi ya -ki- yetu. Kimarwari kinatumia neno nai baada ya nomino kwa kazi hiyohiyo: mhaĩ ghoṛo dekhyo, niliona farasi, mhaĩ ghoṛī nai dekhī, nilimwona yule farasi jike. Na kama sisi tusivyoweza kusema "niliona Asha" bila kuhisi pengo, wao pia jina la mtu hulazimisha alama: -ni kwa Kiuzbeki, nai kwa Kimarwari. Lugha tatu za familia tatu zimefika mlango mmoja kwa njia tatu.

Angalia tena dekhī mwishoni. Katika wakati uliopita kitenzi cha Kimarwari chenye kitendwa hakimfuati mtendaji, kinakifuata kitendwa. Aliyeona anaweza kuwa mwanamume, kitenzi kitakuwa cha kike kwa sababu kilichoonwa ni cha kike. Kihindi nacho hufanya hivyo, lakini nomino ikishapata alama yake, ko, kitenzi hukata tamaa na kurudi kwenye umbo la kiume. Kimarwari hakikati tamaa. Nai ipo na upatanisho upo. Mtu aliyetoka Kihindi atasema ghoṛī nai dekhyo, na hapo hapo atajulikana. Ajihadhari na mtego mwingine pia: ne ya Kihindi humwonyesha mtendaji, nai ya Kimarwari humwonyesha mtendwa. Sauti karibu moja, kazi kinyume.

Kuandika kwa kuchukua, kuandika kwa kutoa

Hapa ndipo ulinganisho huu unapolipa. Mwuzbeki akiandika barua kwa ajili yako, atasema xat yozib berdim. Yozib ni "nikiisha kuandika", berdim ni "nilitoa". Akinakili kitu kwa matumizi yake, atasema yozib oldim, "nikiisha kuandika nilichukua". Hakuna aliyetoa wala kuchukua chochote kwa mkono. Kitenzi cha pili kinaeleza tu faida ya kazi imekwenda upande gani.

Sasa Kimarwari. Kāgad likh diyo: barua, andika, -toa. Kāgad likh liyo: barua, andika, -chukua. Vitenzi vilevile viwili, mpangilio uleule, maana ileile. Ukibadili neno la barua likawa chiṭṭhī, ambalo ni la kike, utapata likh dī na likh lī, maana upatanisho hauna likizo. Lakini mifupa ya sentensi ni ileile, neno kwa neno, kutoka bonde la Fergana hadi jangwa la Thar, kati ya lugha ambazo hazina bibi mmoja.

Hii si bahati nasibu ya mfano mmoja. Mwaka 1976 mwanaisimu Colin Masica alionyesha kwamba tabia kadhaa za lugha za Asia Kusini, pamoja na kitenzi hiki cha jozi, huendelea kuelekea kaskazini hadi Asia ya Kati, zikivuka mipaka ya familia. Katika lugha zote mbili kitenzi hukaa mwisho wa sentensi: men choy ichaman, mhū̃ chāy pīū̃ hū̃, "mimi chai nanywa". Mahitaji husemwa kwa mlango mmoja: menga suv kerak, mhanai pāṇī chāījai, "kwangu maji yahitajika". Lugha zote mbili hazina kitenzi cha kumiliki. Kiuzbeki husema kitobim bor, "kitabu changu kipo". Kimarwari husema mhārai kanai kitāb hai, "karibu yangu kitabu kipo". Sisi nasi hatuna. "Nina kitabu" ni "mimi na kitabu".

Kiswahili hubeba faida ya kitendo ndani ya mnyambuliko: nilikuandikia. Kwa kujiandikia mwenyewe hatuna jozi safi kama oldim na liyo, na mfasiri atalazimika kuzunguka: "nikayanakili nibaki nayo". Usifasiri "nikachukua". Ni kosa la kawaida, na huifanya barua ionekane imeibwa.

Kwenye mnyambuliko wenyewe tunakutana tena wote watatu. Soma na somesha ni oʻqimoq na oʻqitmoq, ni paḍhṇo na paḍhāṇo, na Kimarwari kina hatua ya tatu, paḍhvāṇo, kumfanya mtu amsomeshe mwingine. Kutendwa ni -w- kwetu, -il- kwa Kiuzbeki (yozmoq, yozilmoq), na Kimarwari kina -īj- yake: karṇo, kutenda, karījṇo, kutendwa. Kihindi kimeacha hiyo na hutumia kitenzi cha "kwenda" badala yake. Wanaosema Kimarwari ni Kihindi cha mashambani waielezee kwanza -īj- hii.

Yanapotengana ni kwenye "ambaye". Kiuzbeki huweka maelezo yote mbele ya nomino: men oʻqigan kitob, "mimi nilichosoma kitabu". Kimarwari hutumia jozi: jaṭhai pāṇī hai, vaṭhai gā̃v hai, "penye maji, hapo pana kijiji". Yetu ya "penye… hapo" inakaa upande wa Kimarwari.

Maneno ya soko na vita

Kiuzbeki doʻkon, Kimarwari dukān, kwetu duka. Bozor, bajār, bazari. Xabar, khabar, habari. Somsa, samoso, sambusa. Palov, pulāv, pilau. Haya yote ni mizigo ya Kiajemi na Kiarabu iliyopakuliwa bandari nyingi. Yanapendeza, lakini hayathibitishi ukoo hata kidogo, na anayetaka kulinganisha lugha ayaweke kando kwanza.

Yanayonivutia zaidi ni yale yanayoonyesha nani alikwenda wapi. Laki yetu ni lākh ya Kihindi na Kimarwari. Mwuzbeki husema yuz ming, mia elfu, kwa kuwa hesabu hiyo haikupanda milima. Hundi yetu ni huṇḍī, barua ya malipo ambayo wafanyabiashara wa Marwar waliifanya iaminike India nzima. Darshanī huṇḍī hulipwa ikionwa tu. Muddatī huṇḍī hulipwa muda ukifika. Muddatī hiyo ni muddat ya Kiuzbeki, ni muda wetu.

Maneno ya Kituruki yaliingia India na majeshi. Babur, mzaliwa wa Andijan mwaka 1483, aliishinda Delhi mwaka 1526 na kupigana na Rajput, koo za wapiganaji watawala wa Rajasthan, huko Khanwa mwaka 1527, na kumbukumbu zake aliziandika kwa Kichagatai, mzazi wa Kiuzbeki cha leo. Mkasi ni qaychi kwa Kiuzbeki, kaĩchī kwa Kimarwari. Mzinga ni toʻp na top. Zuri kuliko yote ni mpiga ngoma wa jumba la mfalme: nogʻorachi kwa Kiuzbeki, nagārchī kwa Kimarwari. Shina, jina la ngoma, ni la Kiarabu. Mkia -chi ni wa Kituruki, na bado unazaa maneno Tashkent: ish ni kazi, ishchi ni mfanyakazi. Jodhpur neno lilifika likiwa limeshakamilika.

Wapo pia marafiki wa uongo, maneno yanayofanana na yetu kwa sura lakini si kwa maana. Ona ni mama kwa Kiuzbeki, ota ni baba. Kwa Kimarwari dādī ni bibi mzaa baba, na kāko ni baba mdogo.

Heshima

Kiuzbeki kina sen (wewe) na siz (wewe wa heshima), na mtoto mwenye adabu humwita mzazi siz. Jina la mtu mzima halitajwi tupu. Hufuatwa na aka (kaka mkubwa) au opa (dada mkubwa). Ndugu hupangwa kwa umri: aka na opa wamekutangulia, uka na singil umewatangulia. Kimarwari kina ngazi tatu, thū̃, the na āp, na huongeza sā baada ya jina au cheo. Salamu ni khammā ghaṇī, au rām rām sā. Kwenye nyumba za Rajput "naam" husemwa hukam, neno lile lile la hukumu yetu. Mswahili aliyelelewa na shikamoo hatakosea kiini cha haya. Atakosea tu kutumia thū̃ kwa mtu mzima kwa sababu ameisikia ikitumiwa kwa marafiki.

Maandishi na mitego yake

Wafanyabiashara wa Marwar waliandika madaftari yao kwa Mahajani, hati isiyo na alama za irabu. Kuna kisa cha kale kinachosimuliwa kuihusu: karani aliandika Bābū Ajmer gayo, baṛī bahī bhej dījo, "Bwana amekwenda Ajmer, leteni daftari kubwa." Nyumbani likasomwa Bābū āj mar gayo, baṛī bahū bhej dījo, "Bwana amefariki leo, mleteni mke mkubwa." Anayesoma barua za kale za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu anajua shida hiyo, na Wauzbeki waliijua pia: hati ya Kiarabu iliwahudumia hadi miaka ya 1920, ikificha irabu zao nyingi. Kutoka hapo walikwenda Kilatini, mwaka 1940 wakahamia Kisirili, hati ya Kirusi, na kwa sheria ya Septemba 1993, iliyorekebishwa Mei 1995, wakarudi Kilatini. Ndiyo maana anayetafuta jambo kwa Kiuzbeki hana budi kutafuta mara mbili, kwa hati mbili.

Kwa Kilatini chenyewe upo mtego mdogo. Alama iliyo katika oʻ na gʻ ni herufi yenye namba U+02BB, na alama ya kukata sauti, kama katika maʼno, ni U+02BC. Watu wengi huandika zote kwa alama ya kawaida ya kibodi, au kwa alama za kunukuu. Kompyuta huona maneno tofauti. Ukitengeneza orodha ya maneno, safisha alama hizi kabla ya kuhesabu chochote, la sivyo neno oʻzbek litatokea mara nne.

Kimarwari cha India leo huandikwa kwa Devanagari, hati ya Kihindi. Hakikisha ळ (ḷ) haijageuzwa ल (l) na msahihishaji wa Kihindi wa simu. Na kabla ya kuandika mfano wowote kama "Kimarwari", muulize msemaji anatoka wilaya gani. "Atakwenda" ni jāsī kwa mmoja, jāvailā kwa mwingine, jāvaigo kwa wa tatu, na wote watatu wako sahihi. Iandike wilaya kando ya sentensi, maana bila hiyo mtu mwingine hataweza kuikagua.